Magi zenye katuni za vita za zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu nianze kukusanya hizi magi watu wananiuliza maswali yaleyale, ndugu walioko Dar na Mombasa, jamaa tunaoishi nao huku Uingereza, na mara nyingine hata wauzaji wa mnadani wenyewe. Nimeyaweka pamoja hapa ili mtu asome kwa nafasi yake. Ya msingi yako juu, yale ya kuumiza kichwa yako chini, na jibu likishatolewa sehemu moja sitalirudia, nitakuelekeza tu uende ukalisome.

## Mambo ya msingi

Hivi hizi magi ni kitu gani hasa?

Ni magi za kawaida za chai au kahawa, zenye mkono mmoja, ila ubavuni zina katuni za kuchekesha zilizochorwa wakati wa vita, hasa Vita Kuu ya Kwanza (1914 mpaka 1918) au ya Pili (1939 mpaka 1945). Unazikuta kwenye maduka ya makumbusho, maduka ya zawadi na mtandaoni, na wanunuzi wengi wanamchukulia baba au babu anayependa historia. Nyingi ni za kisasa, yani magi mpya imechapwa picha ya zamani. Lakini zipo na za kale kweli kweli, zilizotoka kwenye tanuri vita vyenyewe vikiwa bado vinapiganwa, na hizo ndizo zilizonivuta mimi.

Hapa nitaongelea zaidi zile zenye katuni za Bruce Bairnsfather maana ndizo nazijua vizuri na ndizo zinazoulizwa sana. Wachoraji wengine nimewagusa chini kidogo.

Huyo Bairnsfather ni nani?

Ni Mwingereza, alizaliwa 1887 Murree, enzi hizo ikiitwa India ya Waingereza na leo ni Pakistan. Vita vilipoanza 1914 aliingia kwenye kikosi cha Royal Warwickshire akapelekwa Ubelgiji kama afisa wa bunduki za rashasha. Huko aliishi kwenye mahandaki yenye matope mpaka magotini, na kwenye vinyumba vilivyobomolewa na mizinga, na ndani ya kimojawapo alianza kuchora ukutani ili kuwachekesha wenzake. Wakamwambia atume jarida mojawapo la London, akatuma The Bystander, wakachapa katuni yake ya kwanza mapema 1915.

Krismasi ya 1914 alikuwepo pale askari wa Uingereza na Ujerumani walipotoka kwenye mahandaki yao wakakutana katikati wakasalimiana. Ameandika mwenyewe kwamba yeye na afisa mmoja Mjerumani walikatiana vifungo vya makoti wakabadilishana, na kwamba alimuona askari wake mmoja, aliyewahi kujaribu kazi ya kinyozi, akimnyoa Mjerumani aliyetulia kapiga magoti chini. Aprili 1915 kombora lilimlipukia karibu kule Ypres, Ubelgiji, akarudishwa kwao masikio yameumia na akili imetikisika, na ni katika kipindi hicho cha kuuguza ndipo jarida likamtaka awe anawachorea mfululizo. Kwa hiyo ukishika magi yake ujue mchoraji alikuwa humo ndani, hakusimuliwa.

Na huyo mzee mwenye masharubu makubwa?

Huyo anaitwa Old Bill. Si mtu halisi, ni mhusika wa Bairnsfather: askari mtu mzima, masharubu mazito yamefunika mdomo, kichwani kavaa kofia ya sufu inayoziba masikio au helmeti, mara nyingi na kiko mdomoni. Hana haraka, hana hotuba, kila kitu anakilalamikia na bado kesho yake utamkuta palepale. Askari walimpenda kwa sababu kila kombania ilikuwa na mtu wa namna hiyo. Akawa maarufu mpaka ikatengenezwa michezo ya jukwaani na filamu kuhusu yeye, na wenzake wawili, Bert na Alf, utawaona naye kwenye katuni nyingi.

Ile katuni ya shimo inachekesha nini? Mimi sijaona kichekesho.

Hili naulizwa kuliko yote. Picha yenyewe ni askari wawili ndani ya shimo lililochimbwa na kombora, usiku, mabomu yanapasuka kila upande, vinaonekana vichwa na mabega tu. Mwenzake analalamikia lile shimo, na Old Bill kwa hasira anamjibu kwamba basi kama unalijua shimo zuri kuliko hili, nenda. Ilitoka Novemba 1915 na ndiyo iliyomfanya Bairnsfather ajulikane kila mahali.

Sasa fikiria uko pale. Hakuna shimo zuri. Ukitoka umekufa, ukibaki labda umekufa, na bado mtu anagombana na mwenzake kuhusu nafasi kama watu wawili waliobanana kwenye kiti cha daladala. Ule ugomvi mdogo ndani ya balaa kubwa ndio unaochekesha, na kila aliyewahi kukwama mahali pabaya na mtu mwenye kunung'unika anauelewa bila kufundishwa. Msemo wake uliingia kwenye maongezi ya Waingereza na mpaka leo unausikia kwa watu wasiojua hata umetoka wapi.

Kwenye magi yangu kuna mtu kashika kopo, anazungumzia stroberi. Ndiyo nini?

Hiyo ni katuni ya jemu. Askari walikuwa wanapewa jemu ya matofaa na plamu, leo hiyo, kesho hiyo, mwezi ujao hiyo, nyingi ikitoka kiwanda cha Tickler. Kwenye katuni askari anauliza kwa uchungu kabisa ni lini itakuja ya stroberi. Watu wanadhani ni katuni ya chakula tu ila ukijua historia yake inakuwa nzito zaidi, maana mwanzoni mwa vita mabomu ya mkono yalikuwa machache na askari walikuwa wanachukua makopo hayohayo ya jemu wanayajaza baruti na vipande vya chuma, wanawasha utambi wanarusha upande wa pili. Kopo la asubuhi ndilo bomu la jioni.

Nyingine ina shimo kubwa ukutani na mtu anasema neno moja tu.

Kijana mgeni anauliza nani katoboa lile tundu, wakati ni dhahiri kombora limepita pale. Mkongwe aliyechoka anamjibu: panya. Mimi kati ya zote naipenda hii zaidi, haina hata cha kueleza.

## Kuhusu vita vyenyewe

Kuweka vita kwenye kikombe cha chai si kuwatania waliokufa?

Swali zuri na nalijibu kwa uzito wake. Angalia nani anachekwa kwenye picha. Maiti hachekwi, aliyejeruhiwa hachekwi, na hata adui mara nyingi hayupo kabisa kwenye picha. Kinachochekwa ni matope, baridi, jemu, mvua, amri zisizo na kichwa wala miguu kutoka kwa wakubwa walioko mbali, na ile hali ya binadamu kuzoea jambo ambalo hatakiwi kulizoea. Kichekesho hiki kilitoka kwa askari kwenda kwa askari. Walikuwa wanakata kurasa za jarida wanazibandika ndani ya mahandaki yao, na barua zilitoka huko vitani kuomba nyingine.

Ninachokikataa mimi ni magi kukaa dukani bila maelezo yoyote, picha imekatwa, maneno yameondolewa, jina la mchoraji halipo, imebaki mzee wa masharubu kama pambo. Hapo ndipo unakuwa umewatania. Mnunuzi anatakiwa ajue kwamba waliochorwa ni watu waliokuwa wanaishi hivyo kweli, na wengi wao hawakurudi.

Wakubwa wa jeshi walizikubali hizi katuni?

Mwanzo siyo wote. Kulikuwa na waliolalamika, hata bungeni, kwamba jamaa anawachora mashujaa wa taifa kama watu wachafu wasio na adabu. Askari wenyewe hawakuwa na shida, maana wachafu walikuwa kweli, wangeoga wapi. Baadaye jeshi likaona faida yake likampa kazi rasmi ya kuchora, likamtuma mpaka kwa Wafaransa, Waitaliano na Wamarekani akawachore na wao. Vita ya Pili ilipokuja aliwachorea tena askari wa Marekani walioko Ulaya. Alifariki 1959.

Zina uhusiano wowote na vita vilivyopiganwa huku kwetu Afrika Mashariki?

Vita ni ileile, katuni siyo. Alichokichora Bairnsfather ni Ubelgiji na Ufaransa. Wakati Old Bill yuko shimoni, huku kwetu Waingereza walikuwa wanamkimbiza von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, kuanzia mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 mpaka mwisho wa 1918, na aliyeubeba ule mzigo wa vita kichwani, kwa maana halisi, alikuwa mpagazi. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wapagazi hao, Carrier Corps kwa Kiingereza, na Kariokor ya Nairobi hivyohivyo. Sanamu ya Askari iliyopo katikati ya Dar iliwekwa 1927 kwa kuwakumbuka.

Nimeulizwa mara nyingi kama ipo magi yenye katuni ya mpagazi. Kwenye vyombo vya wakati ule sijawahi kuiona, na kwa kweli inaniuma. Wapagazi nao walikuwa na utani wao na nyimbo zao za kujikaza njiani. Ila hakukuwa na jarida la London linalowasubiri wao.

Wachoraji gani wengine wanawekwa kwenye magi?

Wako wengi, nitawataja ambao ukienda dukani huku Uingereza au Marekani uwezekano wa kukutana nao ni mkubwa.

Heath Robinson, Mwingereza, yeye alichora mitambo ya ajabu ajabu iliyofungwa kamba, puli na vigingi kwa ajili ya kazi ndogo isiyo na maana, na kwenye vita zote mbili akaitumia staili hiyo kulicheka jeshi la adui na la kwao pia. Alifahamika mpaka mwaka 1943 mashine moja ya kuvunja siri za Wajerumani kule Bletchley Park, iliyojaa magurudumu na tepu za karatasi, wafanyakazi wakaibatiza jina lake. Ana makumbusho yake Pinner, London.

Fougasse, jina halisi Kenneth Bird, alijeruhiwa vibaya vitani Gallipoli, Uturuki, 1915. Yeye ndiye wa yale mabango ya 1940 yenye fremu nyekundu yanayowaonya raia wasiropoke siri za vita hadharani. Moja wamekaa wamama wawili kwenye basi wanapiga soga na viti vya nyuma yao wamekaa Hitler na Göring, msaidizi wake mkubwa, wametega masikio. Mabango yalikuwa manane, na kwenye magi yanapendeza sana kwa sababu mistari yake ni michache na nafasi nyeupe ni nyingi, picha haigombani na umbo la kikombe.

Bill Mauldin ni Mmarekani wa Vita ya Pili, wahusika wake ni Willie na Joe, askari wawili wachovu wenye ndevu ambazo hazijanyolewa siku nyingi. Jenerali Patton wa jeshi la Marekani aliwachukia kwelikweli, akamuita Mauldin amkaripie uso kwa uso kwamba anawaharibia askari nidhamu. Mwaka huohuo, 1945, Mauldin akapewa tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, akiwa na miaka 23.

## Za kale na za kisasa

Za kale zilitengenezwa wapi na na nani?

Zile za Bairnsfather zilitengenezwa na kiwanda cha Grimwades, Stoke-on-Trent, mkoa wa Staffordshire, eneo ambalo kwa Waingereza ndilo chimbuko la vyombo vya udongo na kauri. Hawakutengeneza magi peke yake, kulikuwa na sahani, bakuli, majagi, vase, na nyingi nilizokutana nazo mimi ni sahani.

Ukiigeuza chombo cha Grimwades uangalie chini ndipo unapata kitu ambacho kwangu kinazidi hata katuni yenyewe. Kuna mhuri unaosema kwamba chombo hiki kimetengenezwa na wasichana wa Staffordshire majira ya baridi ya 1917, wakati vijana wakiwa kwenye mahandaki wakipigania uhuru na ustaarabu. Fikiria. Wanaume wamekwenda, wasichana wako kiwandani wanabandika picha za vichekesho za watu walioko vitani, na huenda mmoja wao ana kaka yake au mchumba kwenye handaki kama hilohilo analolibandika. Kazi ya kubandika picha kwenye vyombo kule Stoke ilikuwa mikononi mwa wanawake hata kabla ya vita: picha inachapwa kwenye karatasi maalumu, inalazwa kwenye chombo kwa uangalifu isikunjamane, inasuguliwa ishike, karatasi inaondolewa, kisha chombo kinachomwa. Ukiangalia kwa makini kuna vyombo utaona picha imekaa upande kidogo au imekunjika pembeni, huo ni mkono wa mtu.

Nitajuaje yangu ni ya kale au imetengenezwa juzi?

Anza chini. Mhuri niliouelezea kwenye swali lililopita, pamoja na jina la Grimwades na la Bairnsfather, ni dalili nzuri. Ukikuta chini imeandikwa kwamba inafaa kwenye mashine ya kuoshea vyombo, au kuna mistari ya barcode au anwani ya tovuti, hakuna mjadala, hiyo ni ya kisasa, hata kama muuzaji anaapa.

Halafu angalia glezi, yani ule mng'aro wa juu. Vyombo vya udongo vya miaka mia moja mara nyingi vina vinyufa vyembamba vilivyosambaa kama wavu na rangi yake imeelekea kwenye krimu. Uwepo wa vinyufa peke yake haukupi uhakika, kuna watu wanavitengeneza makusudi, lakini vinyufa vya uzee vina madoa ya chai yaliyoingia taratibu na havilingani kila mahali. Chini pale inapokaa mezani paangalie, kikombe kilichokaa kabatini na mezani miaka yote hiyo lazima kitako kiwe kimesagika.

Mwisho chukua kioo cha kukuzia uangalie picha. Magi ya kisasa iliyochapwa kwa kompyuta ina vidoti vidogo vya rangi vilivyopangana kwa utaratibu, bluu, pinki, njano. Na ukipapasa kwa kidole, za siku hizi nyingi picha imezama kabisa hujui inaanzia wapi.

Kwa hiyo ya kisasa ni feki?

Hapana jamani. Feki ni kitu kinachodanganya umri wake. Magi mpya inayouzwa kama magi mpya, yenye jina la mchoraji na maelezo, ni kitu halali na ndiyo ninayoishauri kwa matumizi ya kila siku, sababu iko kwenye swali la kunywea hapo chini.

Bei zake zikoje?

Za kisasa ni bei ya magi yoyote ya zawadi. Za kale zinatofautiana mno kiasi kwamba nikikutajia namba nitakupotosha, ila vinavyopandisha ni hivi: katuni gani ipo (ya shimo inatafutwa zaidi), mhuri unasomeka, haina ufa wala kumeguka, na rangi haijafutika. Ufa mmoja unaoonekana unaishusha sana. Kabla hujalipa angalia bei ambazo vitu vimeuzwa kweli kwenye minada, siyo bei wanazoomba wauzaji, maana mtu anaweza kuomba chochote na kitu kikakaa pale mwaka mzima.

## Kuitumia na kuitunza

Naweza kunywea chai magi ya kale?

Usinywee. Najua inatamanisha ila glezi na rangi za enzi hizo mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na kinywaji cha moto au chenye uchachu, kama chai ya ndimu, kahawa, juisi ya ukwaju, kinaweza kuyatoa madini hayo yakaingia mwilini. Kama ina vinyufa ndiyo mbaya zaidi kwa sababu kimiminika kinapita kwenye vinyufa kinagusa ndani. Kwa mtoto na mama mjamzito sina hata la kujadili, ni hapana. Weka kalamu, weka maua makavu, weka kabatini watu waione.

Na ya kisasa naweza kuweka kwenye maikrowevu?

Nyingi ndiyo, soma kitako chake. Ikiwa na mstari wa dhahabu kwenye mdomo usiweke, ile ni metali, itatoa cheche.

Katuni imeanza kupauka, nimekosea nini?

Inategemea picha ilivyowekwa. Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza picha ilibandikwa halafu magi ikachomwa tanurini kwenye joto la mamia ya nyuzi, kama 800 hivi, hapo rangi inashikana na glezi na itakaa miaka. Ya pili ndiyo ile ya maduka ya kuchapa picha mitaani, magi ina koti la plastiki maalumu, picha inakandamizwa kwa mashine ya joto la karibu nyuzi 180 mpaka 200, rangi inaingia kwenye lile koti. Hii ya pili ukiisugua kwa steel wool au ukiiweka kwenye mashine ya kuoshea vyombo kila siku, koti linachoka na picha inafifia. Ioshe kwa mkono, sponji laini, sabuni ya kawaida, na usiilaze kwenye maji usiku kucha. Ikishapauka hairudi.

Nataka kumtumia mtu nyumbani, nifungeje isivunjike?

Kinachovunjika kwanza ni mkono. Jaza karatasi laini ndani ya magi, zungushia karatasi kwenye mkono mpaka ile nafasi yake ijae, ndipo ufunge yote kwa plastiki ya mapovu. Weka kwenye boksi dogo, halafu boksi dogo ndani ya boksi kubwa na kati yake pajazwe. Ukitikisa ukasikia kitu kinacheza, fungua anza upya. Kuhusu ushuru, forodha wanahesabu thamani ya mzigo pamoja na gharama ya kuusafirisha, kwa hiyo weka risiti na andika thamani ya kweli, mpokeaji asije kuhangaika bandarini kwa sababu yako.

## Hali za pekee

Nina duka la kuchapa magi. Naweza kuchukua hizo katuni mtandaoni nikachapa nikauza?

Usikimbilie. Picha kuwa ya zamani haina maana hakimiliki imeisha. Uingereza haki ya mchoraji inaendelea miaka 70 baada ya mwaka aliofariki. Heath Robinson alifariki 1944, yake ilishaisha. Bairnsfather alifariki 1959, kwa hiyo pale Uingereza zinalindwa mpaka mwisho wa 2029. Mauldin alifariki 2003, huyo usimguse bila ruhusa. Marekani wana hesabu yao nyingine, wanaangalia mwaka wa kuchapishwa, na katuni za Bairnsfather za Vita ya Kwanza huko ziko huru. Kama uko Tanzania waulize COSOTA, Kenya KECOBO, hizo ndizo ofisi za hakimiliki, na ukisafirisha kwenda nchi nyingine sheria ya huko ndiyo itakayokuhusu.

Hata pale ambapo haki imeisha, andika jina la mchoraji na mwaka. Hakuna sheria itakayokulazimisha, ila ni deni.

Nimpe zawadi mtu aliyepitia vita?

Muulize kwanza, au muulize aliye karibu naye. Kuna watu wetu wametoka Kivu, wametoka Burundi, Rwanda, Somalia, wamelala vichakani na watoto, na kwa mmoja mlio wa kombora kwenye katuni utamchekesha kwa sababu anaujua, na kwa mwingine utamharibia wiki nzima. Huwezi kukisia kwa kumwangalia usoni. Nimeona mzee aliyekuwa askari akiishika magi ya lile shimo akacheka mpaka machozi, akaomba asimuliwe zote, na nimeona mama aliyeirudisha mezani kimya bila kusema neno, na wote wawili walikuwa na haki yao. Kama huna uhakika mpe kitu kingine.

Magi yangu ina sura ya Hitler. Nitaonekana vipi nikiipeleka ofisini?

Kama ni ya Fougasse, ya wamama kwenye basi, ile ni kazi ya kumpinga Hitler na wengi huku Uingereza wanaitambua mara moja. Lakini mtu akiwa mbali anaweza kuona sura tu asione maneno. Itumie nyumbani, au ukiipeleka kazini uwe tayari kueleza kwa upole. Ujerumani kuna sheria kali kuhusu alama za Wanazi, kazi za kuwapinga na za kihistoria zinaachiwa nafasi ila usiingie nayo kama utani bila kujua sheria inasemaje.

Mkono umekatika kwenye magi ya kale, niugundishe?

Kama ni ya kuweka kabatini, unaweza, lakini usitumie gundi ya haraka ya dukani, inaacha mstari wa manjano na fundi wa baadaye atapata tabu kuitoa. Ukiwa na chombo cha thamani mpe fundi wa vyombo vya kauri, kisha ukija kuuza sema wazi kwamba kimetengenezwa. Vipande vyote vihifadhi hata vidogo.

Nimerithi magi yenye katuni ya vita, haina jina lolote chini. Nianzie wapi?

Anzia kwenye picha yenyewe, siyo kitako. Bairnsfather na wenzake walitia saini ndani ya mchoro, pembeni kabisa, mara nyingine imefichwa kwenye majani au matope, tafuta kwa kioo cha kukuzia. Kisha angalia mavazi: helmeti bapa kama sinia mara nyingi ni Mwingereza wa vita ya kwanza au ya pili, kofia ya kitambaa bila helmeti mara nyingi ni mwanzo mwanzo wa Vita ya Kwanza kwa sababu helmeti za chuma zilianza kugawiwa Waingereza mwishoni mwa 1915 na zikaenea 1916. Soma maneno yote, hata yaliyofutika nusu, yaandike. Piga picha pande zote nne na kitako kwenye mwanga wa jua.

Na muulize aliyekuachia, kama bado yupo, au ndugu zake, imefikaje kwenye familia. Nani aliileta, kutoka wapi, alikuwa anafanya kazi gani huko. Andika jibu kwenye karatasi uiweke ndani ya magi.